Vumbi la Galbet na Pumzi ya Subaru Kuukuu

Magari ya kasi si mengi Garissa. Mji huu ni wa Probox, Noah na Land Cruiser, na vichochoro vya Galbet vimejaa bajaji na mikokoteni ya punda. Hata hivyo Impreza, Forester na Legacy za turbo zilizochokwa Nairobi huteremka huku kwa bei ya kuvutia, na mnunuzi akishalipa, mara nyingi kitu cha kwanza kinachomwasha mkono ni njia ya hewa ya injini. Maswali yafuatayo ni ya aina anayoulizwa fundi yeyote wa huku.

Fundi, asalaam aleikum. Nina Impreza WRX ya 2004. Nimeonyeshwa kichujio cha koni chenye paipu ya chuma inayong'aa, na bei si mbaya. Kitaniongezea nguvu?

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Kitakuongezea sauti. Kasha la hewa lililotoka na gari hufyonza hewa ya nje kutoka mbele ya boneti. Koni ya bei rahisi hukaa wazi chini ya boneti, karibu na injini, rejeta na turbo, ikivuta hewa iliyokwisha kupikwa. Piga hesabu. Mwezi wa Machi joto letu hufika nyuzi 37. Ukikwama sokoni, hewa iliyo chini ya boneti hupita 60 bila taabu. Hewa ya nyuzi 60 ni nyepesi kuliko ya nyuzi 37 kwa takriban asilimia 7, kwa hiyo kabla hujaondoka umeshapoteza zaidi ya kile alichokuahidi muuzaji.

Turbo itajitahidi kufidia upungufu huo kwa kuzunguka kwa kasi zaidi, na kadiri inavyozunguka ndivyo inavyozidi kupasha hewa. Intakula ya Impreza, yaani kipozeo cha hewa ya turbo, imelala juu ya injini na hutegemea upepo wa kwenye tundu la boneti. Gari likisimama, hakuna upepo. Hewa ya moto huifanya injini igonge. Kompyuta ikisikia ugongaji huo huchelewesha cheche ili kuokoa pistoni, na nguvu hupungua tena. Kumbuka pia kwamba WRX iliyotengenezewa soko la Japani ilipangiwa petroli ya hali ya juu ya huko, ambayo oktani yake hufika 98 hadi 100. Hiyo hatuipati kwenye vituo vyetu. Gari lako liko ukingoni hata kabla ya koni.

Lakini rafiki yangu alihama na Subaru yake kutoka Nairobi, akafunga koni hapa Garissa wiki hiyo hiyo, na anaapa gari limekuwa jepesi.

Hadanganyi. Anachokosea ni kumshukuru asiyehusika. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Garissa haifiki 200. Ukiteremka na barabara ya Thika kupitia Mwingi, mgandamizo wa hewa unapanda kwa karibu moja ya tano. Toa hasara ya joto letu, na bado injini isiyo na turbo inapata hewa zaidi ya ile ya Nairobi kwa takriban asilimia 14. Yenye turbo hupata nyongeza ndogo kuliko hiyo, lakini turbo huamka mapema na dereva huisikia mguuni. Hakuna koni ya dukani inayotoa asilimia 14. Rafiki yako alipewa zawadi na bonde la Tana, akaenda kumlipa muuza spea.

Ndiyo maana nasema mwenye gari kuukuu wa Galbet hana haja ya kutafuta hewa zaidi. Anayo tele. Shida yake ni mchanga ulioandamana na hewa hiyo.

Basi ninunue kichujio gani kwa pesa kidogo?

Cha karatasi, cha umbo la asili, kinachokaa ndani ya kasha la asili. Najua hakina mvuto wa kupigia picha. Lakini kichujio kizuri cha karatasi hukamata zaidi ya asilimia 99 ya vumbi, na vumbi la kuogopwa si lile unaloliona likitua juu ya dashibodi. Ni chembe za maikroni 5 hadi 20, ambazo unene wake unakaribiana na utando wa oili kati ya ringi na silinda. Chembe hizo nyingi ni za mchanga mgumu kuliko chuma cha silinda, na kazi yao ni kusaga.

Huhitaji kulipa bei ya wakala rasmi. Kampuni kama VIC ya Japani na Sakura ya Indonesia hutengeneza vichujio vya magari haya kwa bei ya chini, na ukipata halisi, vinafanya kazi. Tatizo ni bandia. Kenya imekuwa na sheria ya kupambana na bidhaa ghushi tangu 2008, na ghushi bado zimo madukani, kwa hiyo jifunze kutumia macho yako. Kiinue kichujio juani: mwanga upite kwa usawa kwenye karatasi yote, usipenye kwenye vitobo vidogo. Hesabu mikunjo, kisha linganisha na kile cha zamani, maana mwigaji huokoa pesa kwa kupunguza mikunjo. Bonyeza mpira wa pembeni kwa kidole. Ukiwa laini na ukarudi ulivyokuwa, vyema. Ukiwa mgumu kama plastiki, kirudishe. Mpira huo ndio unaoziba ukingo wa kasha, na vumbi halina haja ya kupita kwenye karatasi ikiwa mlango wa pembeni uko wazi.

Kitu kimoja huwashangaza wengi: kichujio kilichoanza kushika vumbi huchuja vizuri kuliko kipya, kwa sababu vumbi lililonaswa husaidia kunasa jingine. Kwa hiyo usikimbilie kukipuliza kila Ijumaa kwenye kompresa ya mtu wa pancha. Upepo mkali hupasua karatasi mahali usipopaona, na ukipuliza kutoka upande mchafu unazidi kushindilia vumbi ndani. Mimi hufungua kasha kila baada ya kilomita 2,500 hivi, nikakung'uta kichujio taratibu, na nikikiona kimejaa nakitupa. Kitabu cha gari kinachosema kilomita elfu nyingi kiliandikiwa mtu wa barabara za lami.

Na vile vya pamba vinavyooshwa? Nikinunua kimoja, sitanunua tena.

Hesabu hiyo ni tamu, na kampuni kama K&N iliyoanzishwa Kalifonia imekuwa ikiiuza tangu 1969. Vya kwao ni vya kweli na vina mahali pake. Ila pamba hufanya kazi ikiwa na oili. Oili ikizidi, huruka na kutua kwenye waya mwembamba wa senso ya hewa, na senso ikichafuka hudanganya kompyuta. Oili ikipungua, vumbi linapita. Huku kwetu utalazimika kukiosha mara kwa mara, ukianike kivulini hadi kikauke kabisa na ukipake oili yake maalumu kwa kipimo. Wengi hukiosha kwa Omo, wakakipaka oili ya injini na kuondoka. Kile cha bei nusu, kilichoandikwa jina linalofanana na la kampuni maarufu, usikiguse.

Paipu pana ya chuma je? Nimeambiwa injini itapumua.

Hapa ndipo injini hufa. Senso ya hewa haihesabu hewa yote. Inapima kasi ya hewa inayoigusa, na kompyuta, ambayo inajua upana wa paipu ya kiwandani, inakadiria iliyobaki. Ukitoka kwenye paipu ya milimita 70 ukaingia ya 76, tofauti inaonekana ndogo kwa jicho, lakini uwazi umeongezeka kwa karibu asilimia 18. Hewa inapita polepole, senso inaripoti kidogo, na kompyuta inamwaga petroli pungufu huku turbo ikisukuma hewa kamili. Moto wa mafuta pungufu ni mkali. Injini za Subaru za EJ25 za turbo zinajulikana kwa pistoni kuvunjika kwenye kingo za ringi, na hakuna njia ya haraka zaidi ya kuzifikisha huko. Paipu pana hudai kompyuta ipangwe upya na mtu mwenye vifaa, na gharama ya kazi hiyo haimo kwenye bei uliyotajiwa.

Sawa, koni hutaki, paipu hutaki. Pesa zangu niziweke wapi?

Kwenye mipira na klipu. Gari la miaka 20 lililoishi kwenye joto lina mipira iliyokauka. Kwenye Subaru za turbo, chunguza hasa ule mpira mkubwa unaopeleka hewa kwenye turbo, ambao umejificha chini ya manifoldi. Fundi mvivu hautazami kwa sababu kuufikia ni kazi. Ukipasuka, injini inavuta hewa isiyopita kwenye kichujio wala kwenye senso, na mchanga unakwenda moja kwa moja kula mapanga ya turbo. Mpasuko ukiwa baada ya turbo, hewa iliyokwisha kupimwa inatoroka, gari linatoa moshi mweusi na kupooza. Mtu hulaumu turbo, akanunua nyingine, na mpasuko ukabaki pale pale.

Kipimo chake ni cha bei ya chai. Ziba mdomo wa mpira wa turbo kwa kopo linalobana, lililofungwa valvu ya tairi, kisha jaza upepo polepole. Psi 10 zatosha, yaani thuluthi moja ya upepo wa tairi la kawaida. Paka maji ya sabuni kwenye kila kiungio na usikilize. Kingine: toa paipu iliyo baada ya kichujio na upitishe kitambaa cheupe ndani yake. Kikitoka na vumbi, kasha halifungi, na kichujio cha bei yoyote hakitakusaidia. Tazama klipu zilizovunjika, tazama kama kasha limepinda kwa joto.

Mpira wa kuunganisha ukihitaji kubadilishwa, wa silikoni wa bei nafuu unafaa, mradi uwe na tabaka kadhaa za kitambaa ndani na kipenyo kile kile cha asili. Mwembamba usio na kitambaa hujikunja turbo inapovuta. Klipu zisikate mpira. Senso isafishwe kwa dawa yake yenyewe, si ile ya kabureta, na usiifute kwa kitambaa.

Spea zenyewe nizitoe wapi?

Nairobi, kwenye maduka ya Kirinyaga Road, ambayo wazee bado huiita Grogan. Huletwa na basi kwa kilomita 370 hivi kama kifurushi. Kwa kasha na senso, ninapendelea mtumba wa Japani kuliko kipya kisicho na jina, kwa sababu plastiki ya kiwandani inakaa sawasawa. Usiagize kwa kusema "ya Impreza." Agiza kwa namba. Kichujio cha Subaru huanza na 16546, senso ya hewa na 22680, kichujio cha Toyota na 17801, na herufi na tarakimu zinazofuata ndizo zinazotofautisha gari lako na la jirani. Piga picha namba iliyo kwenye spea ya zamani, umtumie muuzaji, na umwombe naye akutumie picha ya aliyonayo kabla hujatuma pesa. Senso ya mtumba usiinunue bila ahadi ya kurudishiwa.

Mbona magari ya Safari Rally yanapita vumbini na kushinda?

Yanashinda kwa kuogopa vumbi kuliko wewe. Patrick Njiru alipomaliza wa nne na Impreza mwaka 1994, na Colin McRae alipoipa Subaru ushindi wa Safari mwaka 1997, hiyo ilikuwa enzi ya magari kupandishiwa bomba la hewa kufikia usawa wa paa. Injini zao zilikuwa zikifunguliwa na kuundwa upya kwa ratiba. Tena sheria ya mwaka huo wa 1997 ililazimisha hewa yote ya turbo kupita kwenye tundu la milimita 34. Gari la McRae lilipumulia tundu dogo kuliko paipu yoyote unayouziwa.

Nimeona mtu ameshusha koni hadi ndani ya bampa ili ipate hewa baridi.

Hewa baridi ataipata, na maji pia. Anayeikumbuka barabara yetu ya Kona Punda wakati wa mafuriko ya Novemba 2023, na tena Aprili 2024, asifanye hivyo. Maji hayabanwi kama hewa. Yakiingia kwenye silinda pistoni inapopanda, konrodi inapinda papo hapo.

Mimi si dereva. Mwanangu amenunua Subaru na anataka nimpe pesa za koni, anasema ni lazima. Nimpe?

Mama, usimpe za koni. Mwambie akuletee kwanza kile kitambaa cheupe kilichopitishwa kwenye paipu. Kikiwa na vumbi, mpe za mpira, klipu na kichujio cha karatasi. Kikiwa safi, mpe za oili ya injini, na akigomba mwambie ni fundi aliyesema.