Miguu Inapouma Usiku: Kijitabu kwa Kaya za Oldeani na Jirani Zake

Walezi wa Oldeani, Rhotia na Mang'ola wanalijua lalamiko hili. Mtoto wa miaka 4 au 5 aliyeshinda akikimbia anaamka saa 5 usiku akilia kwamba miguu inamuuma. Anashika mapaja, au ugoko, au nyuma ya magoti. Akichuliwa na kubembelezwa analala tena, na kunapokucha anatoka mbio kufuata ndama utadhani usiku haukuwepo. Hapo watu wazima hugawanyika. Mmoja anasema mtoto anadeka. Mwingine anasema kuna mkono wa mtu. Wa tatu anataka wembe, mtoto achanjwe chale palipouma.

Kijitabu hiki kinawaomba wazazi, bibi na babu, dada wa kazi na kila anayelala karibu na mtoto wafanye mambo mawili: usiku wamwamini mtoto, na asubuhi wamtazame vizuri. Mengi yanayofuata yametokana na hayo mawili.

Maumivu haya ni yapi

Watabibu huyaita maumivu ya ukuaji. Huwapata zaidi watoto wa miaka 3 hadi 12. Huja jioni au usiku, hushika miguu yote miwili, na hukaa kwenye misuli: mapaja kwa mbele, mashavu ya miguu, nyuma ya goti. Hudumu dakika kadhaa, pengine saa moja au zaidi, kisha huisha yenyewe. Yanaweza kuja usiku wa siku mbili mfululizo, yakapotea wiki nzima, yakarudi. Mtoto hana homa, hana uvimbe, hachechemei mchana.

Ni ya kawaida kuliko watu wanavyodhani. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2004 ulikuta zaidi ya theluthi moja ya watoto wa miaka 4 hadi 6 wakiyapata. Daktari mmoja wa Ufaransa aliyaandika mapema kabisa, mwaka 1823, akiyahusisha na kukua kwa mwili. Lakini mpaka leo hakuna aliyethibitisha kwamba mfupa unaorefuka ndio unaouma. Mtoto hurefuka kwa kasi zaidi akiwa mchanga na tena anapobalehe, na maumivu haya huja katikati ya vipindi hivyo. Wataalamu wengi wanaelekea kwenye uchovu wa misuli na mifupa inayotumika sana kutwa. Huonekana pia kwenye familia moja: ukiwauliza bibi na babu, mara nyingi mmoja wao atakumbuka miguu yake ya utotoni.

Mtoto wa huku anatembea. Anapanda na kushuka mabonde kwenda shule, anachunga mbuzi, anabeba kidumu cha maji, na msimu wa kahawa anazunguka shambani na mama kutwa nzima. Usimkataze kucheza wala kutembea kwa sababu ya maumivu haya, kwani hayaharibu mifupa wala viungo na hayamfanyi kilema. Lakini kidumu cha lita 10 mgongoni mwa mtoto wa miaka 5 ni mzigo wa mtu mwingine. Mpe cha lita 3, au asibebe kabisa.

Usiku huo huo

Anza kwa kumgusa. Kaa kitandani, weka mguu wake mapajani mwako, uchue taratibu kwa kiganja kutoka kifundoni kwenda juu. Mafuta ya kula, samli au mafuta ya mgando yanafaa, kwani kazi yake ni kulainisha mkono tu. Mwenye maumivu ya ukuaji hutaka kuchuliwa na hutulia. Mtoto anayeruka na kupiga kelele ukimgusa tu ana jambo jingine, na tutalirudia.

Joto husaidia sana, hasa miezi ya Juni na Julai ambapo baridi ya mlimani inaingia mpaka chini ya blanketi. Chovya kitambaa kwenye maji ya moto, kikamue, kijaribu kwenye mkono wako kwa ndani, kisha umkande. Unaweza pia kujaza maji ya vuguvugu kwenye chupa, ukaifunga vizuri na kuizungushia kanga. Ngozi ya mtoto huungua upesi kuliko yako, na akisinzia hatakuambia inaunguza, kwa hiyo chupa itolewe kabla hujarudi kulala.

Hapa tunasihi kwa nguvu zote: jiko la mkaa lisilale ndani. Wapo wanaoliingiza chumbani usiku wa baridi ili watoto wapate joto, mlango na dirisha vikiwa vimefungwa. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina harufu, haionekani, na inaua familia nzima usingizini. Pasha maji jikoni, jiko libaki huko, ulete kitambaa.

Mtoto akiendelea kulia baada ya kuchuliwa na kukandwa, dawa inayofaa ni parasetamo. Kipimo chake hufuata uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya mtoto. Mwenye kilo 15 anahitaji miligramu 150 hadi 225 kwa mara moja. Chupa nyingi za dawa ya maji zinazouzwa kwetu zina miligramu 120 katika kila mililita 5, lakini soma lebo ya chupa uliyonayo, maana zinatofautiana. Tumia kijiko au kikombe cha kupimia kilichokuja na dawa, si kijiko cha chai. Kati ya dozi na dozi zipite angalau saa 4, na zisizidi 4 kwa siku nzima. Kwa kawaida moja inatosha usiku huo. Ukijikuta unaitoa usiku baada ya usiku, mpeleke mtoto akapimwe.

Aspirini asipewe mtoto. Vidonge vya diklofenaki vilivyobaki vya babu asipewe mtoto. Kidonge cha parasetamo cha mtu mzima kina miligramu 500, na kukikata kwa kukadiria ni kucheza na ini la mtoto.

Chale hazisaidii hata kidogo. Hakuna damu mbaya ya kutoa. Wembe ulioshikwa na mikono mingi huingiza pepopunda, homa ya ini na virusi vya UKIMWI, na jeraha lake linaweza kuleta usaha. Tunajua chale hufanywa kwa upendo, na bibi hataki mjukuu wake ateseke. Mikono ya bibi huyo huyo ndiyo dawa tunayoitafuta: achue.

Kunyoosha misuli

Madaktari wa Canada walichapisha mwaka 1988 utafiti mdogo. Kundi moja la wazazi lilifundishwa kuwanyoosha watoto misuli ya miguu asubuhi na jioni, jingine likapewa maelezo ya kawaida tu. Waliokuwa wakinyooshwa walipona upesi zaidi. Ni utafiti mmoja na watoto hawakuwa wengi, lakini zoezi lenyewe halina gharama wala madhara, na watoto hulipenda kwa sababu linakuwa mchezo na mzazi.

Mlaze mtoto chali kwenye mkeka. Goti likiwa limenyooka, shika wayo na uusukume taratibu kuelekea ugokoni mpaka ahisi mvuto kwenye shavu la mguu. Hesabuni pamoja hadi 20, kisha achia. Halafu inua mguu wote ukiwa umenyooka, kisigino kikielekea juu, mpaka ahisi mvuto nyuma ya paja. Mwisho mgeuze alale kifudifudi, ukunje goti na kusogeza kisigino kuelekea kalio, ili paja la mbele linyooke. Rudia kila moja mara chache, miguu yote. Mvuto uwe mtamu. Akisema inauma, umezidisha.

Asubuhi

Asubuhi ndiyo inayotoa jibu. Mwambie mtoto atembee hadi mlangoni na kurudi, achuchumae, asimame kwa mguu mmoja kisha mwingine. Mvue suruali utazame miguu yote miwili sambamba kwenye mwanga. Pitisha mkono kwenye magoti na vifundo uone kama kuna joto au uvimbe. Mwenye maumivu ya ukuaji atafanya yote hayo huku akicheka.

Mguu mmoja unaouma mahali palepale kila mara si maumivu ya ukuaji mpaka mtabibu aseme hivyo. Vivyo hivyo mtoto anayechechemea asubuhi, anayekataa kukanyaga, ambaye maumivu yake yanaendelea mchana, au ambaye kiungo chake kimevimba, kimekuwa chekundu au kina moto. Ongeza hapo homa, kupungua uzito, kutokwa jasho usiku, weupe wa viganja na ndani ya kope, madoa ya damu chini ya ngozi, uvimbe mgumu kwenye mfupa, na maumivu yaliyofuata kuanguka. Ukiona lolote kati ya haya, safari ya hospitali haingoji siku ya soko.

Haraka hiyo ina sababu. Homa pamoja na mguu mmoja usioguswa inaweza kuwa usaha ndani ya mfupa au kwenye nyonga, na kiungo kinaweza kuharibika ndani ya siku chache. Maumivu ya mifupa pamoja na weupe na madoa ya damu yanaweza kuwa dalili ya saratani ya damu. Mtoto ambaye mikono na miguu yake huvimba, macho yakiwa manjano, apimwe selimundu. Maumivu yanayohama kutoka kiungo kimoja hadi kingine, wiki chache baada ya koo kuuma, yanaweza kuwa homa ya rumatiki, inayoshambulia moyo. Kwa wanaoishi chini, kuelekea Mang'ola na Ziwa Eyasi, homa yoyote ni ya kupimwa malaria siku hiyo hiyo.

Maziwa, maji na magadi

Kaya za wafugaji, kuanzia bomani Ngorongoro hadi mazizi ya Wairaqw na Wadatoga, zina sababu yao ya ziada ya kuwa macho. Maziwa mabichi na mikono inayozalisha mbuzi bila kinga huleta brusela, ugonjwa ule ule unaowafanya mifugo watupe mimba. Kwa mtoto huja kama homa inayokwenda na kurudi, jasho, uchovu, na maumivu ya nyonga, magoti au mgongo. Ni rahisi kuudhania malaria au uchovu wa kutembea. Unatibika, kwa dawa za wiki kadhaa zinazotakiwa kumalizwa. Maziwa yachemke mpaka yafure kabla mtoto hajayanywa. Kuchemsha hakuondoi madini yake ya kujenga mifupa.

Maji ni habari ndefu zaidi. Milima yetu ni ya volkano, na miamba ya bonde la ufa inayeyusha floraidi ndani ya visima na chemchemi nyingi za kaskazini mwa Tanzania. Kidogo chake huimarisha meno. Kikizidi, meno ya ukubwani huota yakiwa na madoa ya kahawia, na kikizidi sana kwa miaka, mifupa ya mtoto hupinda na kuuma. Katika kijiji cha Tindigani, wilaya ya Hai, watafiti walichapisha taarifa ya watoto waliopinda miguu kwa sababu hiyo. Shirika la Afya Duniani linataka floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa.

Wengi wanadhani kuchemsha kunatosha. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini floraidi inabaki, na maji yakipungua sufuriani inakuwa nzito zaidi. Maji ya mvua kutoka kwenye bati safi hayana shida hiyo: kama mna tangi dogo tu, litengeni kwa ajili ya kunywa na kupikia watoto. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arumeru, kimefanyia kazi kwa miaka mingi chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, linalonasa floraidi. Uliza ofisi ya maji au kamati ya maji ya kijiji kama chanzo chenu kimepimwa, na kama hakijapimwa, lipelekeni suala hilo mkutano wa kijiji.

Halafu magadi. Yanalainisha maharage na kande na kuokoa kuni, hilo tunalielewa. Lakini magadi ya maziwa ya bonde la ufa yanaweza kuwa na floraidi nyingi sana, na mtoto anayekula kande ya magadi kila siku anaongezewa juu ya ile ya maji. Loweka maharage na mahindi usiku kucha, mwaga maji yake, pika bila magadi. Kuni zitakazozidi ni chache.

Mtoto ambaye magoti yake yanagongana au miguu inazidi kutanuka kadiri anavyokua apelekwe hospitali, maumivu yawepo au yasiwepo. Inaweza kuwa floraidi, inaweza kuwa matege ya kukosa vitamini D na kalisi, na tiba zake ni tofauti. Jua la asubuhi mwilini, maziwa yaliyochemshwa, mayai, dagaa wanaoliwa wazima na mboga za majani ni chakula cha mifupa kwa kila mtoto.

Ukifika kwa mtabibu

Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Kama kuna dalili za hatari, hospitali za Karatu mjini zinaweza kuchunguza zaidi, na zikiona haja zitampa mtoto rufaa kwenda hospitali ya KCMC, Moshi. Beba kadi ya kliniki yenye uzito wake, na chupa au pakiti ya kila dawa aliyopewa, ya hospitali na ya kienyeji, bila kuficha.

Mtabibu atataka kujua mguu upi, sehemu gani, saa ngapi, mara ngapi kwa wiki, na mtoto anakuwaje asubuhi. Kwa hiyo kabla ya safari andika kwenye daftari usiku kadhaa mfululizo, au mwombe mwanao wa shule aandike. Mwache mtoto aonyeshe mwenyewe kwa kidole panapouma. Akikutwa mzima, miguu yote sawa na anakimbia vizuri, huenda asipigwe picha ya eksirei wala kutolewa damu, na huko si kupuuzwa: kwa maumivu ya ukuaji vipimo hivyo huwa havionyeshi kitu. Uliza lini umrudishe. Ukirudi nyumbani endelea kumchua na kumnyoosha, na endelea kumtazama asubuhi, kwa sababu mtoto mwenye maumivu ya ukuaji anaweza pia kuugua kitu kingine mwezi ujao.