Viridiana: Sadaka Yetu Inatafuta Nini?



Vijana wenzangu, leo tujifunze kupitia filamu ya Kihispania, Viridiana (1961). Aliyeiongoza ni Luis Buñuel, mtu aliyesomeshwa na Wajesuti utotoni.

Viridiana ni novisi anayekaribia kuweka nadhiri. Baada ya kifo cha mjomba wake hairudi tena konventini. Anakusanya ombaomba shambani kwa marehemu, anawalisha na kusali nao Malaika wa Bwana. Siku wenye nyumba wakiwa safarini, ombaomba wanaingia ndani, wanakula, wanalewa, kisha wanajipanga mezani kama kwenye picha ya Karamu ya Mwisho ya Leonardo da Vinci. Kipofu ndiye aliyekaa mahali pa Kristo! Viridiana anaporudi, nusura abakwe na watu aliowahifadhi.

Huko Cannes filamu ilipata tuzo kuu, Palme d'Or. Lakini L'Osservatore Romano, gazeti la Vatikani, likaishutumu kuwa ni kufuru. Serikali ya Franco, iliyoruhusu itengenezwe, ikaipiga marufuku. Hispania haikuionyesha mpaka 1977.

Kusema kweli, ile meza iliniuma hata mimi. Lakini kilichoniuma zaidi ni kujiona ndani ya Viridiana. Niliwahi kumpelekea mzee mmoja mchele, akaupepeta kidogo, akasema, “Mwanangu, mbona chenga tupu?” Jamani, nilinuna njia nzima! Kumbe sikwenda kutoa. Nilikwenda kununua shukrani.

Mwishoni Viridiana amekata tamaa, anakaa kucheza karata. Ni kama filamu inasema huruma ni kazi bure. Hapo mimi nakataa. Tukumbuke meza yenyewe, ile ya kweli: alikuwepo Yuda wa kumsaliti, alikuwepo Petro wa kumkana. Yesu alilijua hilo, na bado akainama akawaosha miguu. Upendo wake haukusubiri wawe wema kwanza.

Sisemi tuwe wajinga. Anayetaka kukudhuru, mkimbie, na omba msaada. Lakini maskini hana deni la kuwa malaika kwa sababu umempa sahani ya wali.

Tafakari wiki hii: ni nani niliyeacha kumsaidia kwa sababu tu hakunishukuru?

Mimi nimeshamjua wangu. Jumamosi narudi kwa mzee, na safari hii nitauchambua mchele kwanza.