Utomvu wa Mnyaa na Ngozi ya Mtoto Mchanga

Katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, kama Kaloleni, Bahati na Jericho, nguo za watoto huanikwa nje. Yafaa kila mama ajue kuwa nguo za mtoto mchanga zisianikwe juu ya ua wa mnyaa. Mti huo una vijiti vya kijani, na vikivunjika hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Utomvu huo huunguza ngozi, na ukiingia jichoni huweza kuharibu macho.

Ngozi ya mtoto mchanga ni nyororo, kwa hiyo huumia upesi. Iko pia mimea isiyounguza, bali mwili huikataa: hapo kwanza haidhuru, lakini ikigusa tena siku nyingine, vipele na mwasho hutokea, pengine baada ya siku moja au mbili.

Mtoto akiguswa na utomvu, avuliwe nguo na kuoshwa mara moja kwa sabuni na maji mengi. Jicho lisisuguliwe, lioshwe kwa maji safi matupu muda wa dakika 15 au zaidi, kisha mtoto apelekwe upesi kwenye kituo cha afya. Asipakwe dawa ya majani, maana huenda ikazidisha madhara.

Kamba ya kuanikia nguo ni ya bei ndogo. Jicho la mtoto halinunuliki.