Sinema ya Uwanjani na Amani ya Nyumba



Jimbo letu la Homa Bay, lililoundwa mwaka 1993, linajumuisha kaunti za Homa Bay na Migori. Hapa kwetu, ingawa si mara nyingi kama zamani, gari lenye kipaza sauti huweza kupita sokoni likitangaza sinema ya bure. Giza likiingia, kitambaa cheupe hufungwa kwenye milingoti miwili, jenereta hunguruma, na watu huketi nyasini.

Filamu inayojulikana zaidi ni ile iitwayo Yesu, ya mwaka 1979. Ilipigwa nchini Israeli na inafuata Injili ya Luka. Imetafsiriwa katika lugha zaidi ya 2,000, Kijaluo na Kiswahili zikiwamo. Waliokuwa watoto walipoiona mara ya kwanza sasa wanaipeleka familia zao.

Hata hivyo, sinema njema yaweza kuzaa ugomvi. Mke anarudi saa nne usiku na kukuta mlango umefungwa. "Umetoka wapi?" "Kumwona Yesu." Majirani watacheka, lakini ndani ya nyumba hakuna anayecheka. Kosa haliko kwenye filamu. Wawili hawa hawakuzungumza.

Kabla ya kwenda

Patanisheni mambo mapema: nani atabaki na mtoto mchanga, nani atafunga mbuzi, mtarudi saa ngapi na kwa njia gani. Kwa familia za wavuvi jambo hili ni zito zaidi. Sinema huhitaji giza, na omena nao huvuliwa gizani kwa taa. Basi usiku wa sinema huenda ukawa usiku wa kazi ziwani. Mume asiseme tu, "Nimekataa," kwa kuwa yeye hatakuwapo. Mke naye asiondoke kimya kimya kwa sababu jirani amemwita. Mwambie: "Baba watoto, nitakwenda na mama yako, na tutarudi naye." Neno dogo kama hilo huondoa shaka kubwa.

Mkiwa uwanjani

Kuna mazoea ya wanaume kusimama nyuma na wanawake kuketi mbele na watoto. Ninyi ketini pamoja. Itazameni kwa makini habari ya binti Yairo (Lk 8:40-56). Baba ndiye aliyekwenda kuomba msaada, lakini Yesu alipoingia alipolala mtoto, aliwachukua baba na mama wote wawili. Sasa tujiulize: mtoto wetu akishikwa na malaria, nani hukaa kwenye foleni ya zahanati? Mara nyingi ni mama peke yake. Baba, nafasi yako ni ndani ya chumba kile, pamoja naye.

Mkiwa njiani kurudi

Wanafunzi wawili wa Emau walikuwa wakitembea na kuzungumza, Yesu akajiunga nao (Lk 24:13-35). Mmoja aliitwa Kleopa. Wa pili hatajwi jina, na wako wanaofikiri kwamba alikuwa mkewe. Nanyi zungumzeni njiani: kipi kimekugusa, kipi hukukielewa? Waulizeni watoto pia. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika hati yake Inter Mirifica ya mwaka 1963, uliwakumbusha wazazi wajibu wao wa kuangalia yale yanayoingia nyumbani kwa njia ya filamu na vyombo vingine. Wajibu huo ni wa wote wawili. Kama mwenzako alikuwa ziwani, msimulie asubuhi wakati mnatandaza omena juani. Asijione mgeni katika furaha ya watu wake.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni lini mara ya mwisho tulipotoka pamoja, sisi wawili, bila kwenda matangani?
2. Mmoja akichelewa kurudi, swali letu la kwanza ni la upendo au la shaka?
3. Ni mzigo gani wa watoto ambao mmoja wetu anaubeba peke yake?

Jibuni leo kabla ya kulala, kisha salini Baba Yetu mkiwa mmeshikana mikono.