Nafasi ya Taratibu katika Timu za Programu

Mwaka 2001, wataalamu 17 walikutana Utah, Marekani, wakaandika tamko la uundaji nyumbufu wa programu za kompyuta, yaani kutoa programu kidogo kidogo na kuirekebisha kila mara. Tamko hilo liliwatanguliza watu mbele ya taratibu, lakini halikuzifuta taratibu.

Sababu ya kutozifuta inaonekana katika Therac-25, mashine ya tiba ya mionzi. Kati ya 1985 na 1987, iliwapa wagonjwa 6 nchini Marekani na Kanada mionzi iliyozidi kiasi. Baadhi yao walifariki. Programu yake iliandikwa na mtu mmoja, wala haikukaguliwa na mtaalamu huru. Mashine ilipoonyesha hitilafu namba 54, kitabu cha maelekezo hakikuifafanua.

Timu nyumbufu huhitaji taratibu chache zenye sababu: mtu wa pili kukagua kila badiliko, majaribio kurudiwa kabla ya matumizi, na taarifa za hitilafu kuwafikia waandishi wa programu. Ni sawa na kuhesabu vifaa kabla ya kufunga jeraha la upasuaji. Utaratibu usiozuia kosa lolote uondolewe. Unaomlinda mgonjwa udumishwe, hata kazi ikiwa ya haraka.