Mafuta, Jua na Rangi ya Ngozi

Fundi atengenezaye mikanda au viatu katika Elerai, kata ya jiji la Arusha chini ya Mlima Meru, aweza kuigeuza ngozi mpya yenye rangi hafifu kuwa ya kahawia bila kununua rangi: huipaka mafuta, kisha huianika. Lakini akizidisha mafuta au joto, huiharibu mali aliyokwisha kuilipia. Yafaa basi kufahamu kwamba mafuta na jua hufanya kazi mbili tofauti.

Ngozi inayohusika

Somo hili lahusu ngozi iliyosindikwa kwa magome ya miti, kama vile miwati ipandwayo Njombe. Magome hayo yana tanini, ambayo hushikamana na nyuzi za ngozi na kuzizuia zisioze. Ngozi iliyosindikwa kwa chumvi za kromiamu haigeuki rangi kwa namna hii.

Kazi ya mafuta

Kati ya nyuzi za ngozi kavu mna nafasi ndogo zilizojaa hewa. Nuru hutawanyika kila inapotoka katika hewa na kuingia katika uzi. Nyingi hurudi machoni, na ngozi huonekana nyeupe-nyeupe. Mafuta yakijaza nafasi hizo, mtawanyiko hupungua, kwa sababu mafuta na nyuzi huipinda nuru kwa kiasi kinachokaribiana. Nuru huzama na kumezwa. Ndiyo sababu pia kanga iliyoloa huonekana nyeusi zaidi kuliko iliyo kavu. Badiliko hili ni la kifizikia.

Kazi ya jua

Mionzi ya jua, hasa ile isiyoonekana iliyo ng'ambo ya rangi ya urujuani, huiwezesha tanini kuungana na oksijeni ya hewa. Huzaliwa kemikali mpya zenye rangi ya kahawia au nyekundu. Badiliko hili ni la kikemia, nalo halirudi nyuma. Arusha iko karibu na Ikweta, kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo mionzi hiyo hufika kwa nguvu.

Jaribio

Mwanafunzi akate vipande vinne kutoka ngozi moja:

A: kikavu, kiwekwe gizani.
B: kikavu, kiwekwe juani.
C: kipakwe mafuta kidogo, kiwekwe gizani.
D: kipakwe mafuta kidogo, kiwekwe juani.

B na D vianikwe saa tatu kila siku kwa siku saba, na nusu ya kila kimoja ifunikwe kwa karatasi nyeusi. C hukoza rangi mara moja, kisha hupungua kidogo mafuta yanapoenea. B hugeuka polepole, na mpaka wa karatasi huonekana wazi. D hupata kazi zote mbili.

Tahadhari

Ngozi iliyoloa maji isianikwe kwenye jua kali, kwani nyuzi zake hujikunja na kukakamaa. Mafuta yapakwe mara kadhaa, kidogo kidogo. Yakizidi, ngozi hulegea na kunasa vumbi. Mafuta ya alizeti hushika oksijeni na huweza kunata. Ya nazi hayabadiliki upesi, lakini huganda asubuhi za baridi.

Maswali

1. Kipande A kina faida gani katika jaribio?
2. Kwa nini kipande kilichowekwa nyuma ya kioo cha dirisha hugeuka polepole zaidi?
3. Fundi aliyeacha mikanda juani ikilaliana atakuta nini?