Usimdai Mjane Kicheko cha Jana

Haya, wadogo zangu, sogeeni. Kona hii imezoea kesi za wachumba na mawifi, lakini safari hii nimeletewa kesi ya muziki. Mdogo wetu mmoja kanuniana na mwenzake wa chumbani kwa ajili ya mwimbaji Corinne Bailey Rae. Yeye anasema albamu ya pili ya huyo dada, *The Sea*, ni nzito, inachosha, haina hata wimbo wa kusukia nywele. Mwenzake anasema ndiyo bora kuliko zote, na asiyeipenda hana moyo. Sasa wanapika kila mtu na sufuria yake. Jamani, kwa albamu ya mwaka 2010!

Nakuelewa, mdogo wangu unayelalamika, na wala huko peke yako. Wengi waliosikiliza walitoka na neno lako hilohilo. Albamu ya kwanza ilitoka 2006, ikaingia kwenye chati za Uingereza moja kwa moja ikiwa namba moja. Binti wa Leeds, baba yake mtu wa St Kitts, gitaa mkononi, sauti ndogo yenye mkwaruzo kidogo. Wimbo wake wa *Put Your Records On* ni wa kudekia nyumba Jumamosi milango ikiwa wazi. Nani asingempenda? Kwa hiyo ulipoifungua ya pili ulikuwa unamtafuta binti yuleyule. Hilo halina lawama.

Lawama yangu iko pale ulipoandika kwamba "mgema akisifiwa tembo hulitia maji." Hapo umemwonea Corinne. Hebu hesabu miezi nami. Februari 2008, albamu ya Herbie Hancock, *River: The Joni Letters*, ambayo Corinne ameimba ndani yake, inapata Grammy ya albamu ya mwaka. Machi inayofuata, mumewe Jason Rae, mpiga saksafoni, anafariki ghafla akiwa na miaka 31. Corinne mwenyewe hajatimiza hata thelathini. Nyimbo za albamu ya pili alikuwa ameshaanza kuziandika. Zikakaa pembeni, na muda mrefu ukapita kabla hajazirudia. Sasa niambie, mwaya, huyo mgema tembo angelitia maji saa ngapi?

Tena haya si ya Leeds tu, tunayafanya mitaani kwetu kila siku. Mwanamke anakaa eda miezi minne na siku kumi, anatoka, hata wiki haijaisha mtu kamfuata sokoni: "Shoga, mbona umepooza hivyo? Changamka basi, hukuwa hivi." Mwenzio ameshika fungu la mchicha, anatoa tabasamu la kukuridhisha wewe, anageuza uso kuhesabu chenji ambayo ameshaihesabu. Unadhani umemfariji, kumbe umemwambia kwamba huzuni yake inakuchosha. Akishaujua moyo wako hivyo, siku atakayozidiwa hatakuita. Atakaa nayo ndani. Nyie mnaopenda kuwachangamsha watu kwa nguvu, angalieni sana hapo. Najua nia yenu ni njema. Ila kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Na wewe mwenye moyo, usicheke, zamu yako imefika. Mtu hapimwi utu kwa wimbo alioupenda. Halafu unamwambia mwenzako kwamba kila wimbo mle ndani ni wa marehemu. Si kweli. *I'd Do It All Again*, ambao ndio ulitangulia kutolewa kuitambulisha albamu, uliandikwa Jason akiwa hai, baada ya wao wawili kugombana vizuri tu kama wanandoa wengine. Tukausikia baada ya msiba, tukauvisha kaniki. Na huo wimbo wa *The Sea* wenyewe, uliobeba jina la albamu, unatokana na kifo cha babu yake aliyekufa kwenye ajali ya mashua, shangazi mtu akiona kutoka ufukweni. Ni huzuni ya zamani, iliyoikalia familia miaka mingi kabla ya msiba wa Jason. Ukimfanya mtu kuwa mjane tu, kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa kumi na moja, nawe umemwonea. Mwenzako anamdai kicheko, wewe unamdai machozi.

Mkitaka ukweli wangu, naiona ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza, ingawa haikuuza kama ya kwanza. *Are You Here* ndio unaofungua, na hapo ndipo wengi wanaporuka kwenda mbele. Msiruke. Unaanza na gitaa na sauti karibu kabisa na sikio, hana haraka, hajilizi, anamtaja mtu kana kwamba yuko chumba cha pili. Ngoma zinachelewa kuja, na zikija zinakuinua taratibu. Aliyezoea kusikiliza akiwa anajibu meseji hatauona uzuri wake hata mara ishirini. Anayetaka kucheza naye hajasahauliwa, ipo *Paris Nights/New York Mornings*. Katikati, nakubali, kuna mahali panapolegea, na ningepunguza wimbo mmoja au miwili. Waliochagua albamu za kuwania tuzo ya Mercury mwaka 2010 waliiweka kwenye orodha, ingawa waliobeba ni The xx. Corinne, Grammy yake nyingine ilikuja 2012, kwa kuimba upya *Is This Love* wa Bob Marley. Baadaye akaolewa tena, akaendelea kutoa albamu. Maisha yalimrudia kwa mwendo wake, si kwa kelele zetu.

Basi fanyeni hivi. Leo usiku pikeni sufuria moja. Mkishakula, simu ziwekeni mbali, muiache albamu iende mpaka mwisho bila kuruka na bila kutafsiriana. Ikiisha, mdogo wangu, kama bado hujaipenda, sema hujaipenda na ulale salama. Hiyo ni haki yako na hakuna wa kukununia. Hilo la mgema tu ndilo nakuomba ulifute.